Bawabu na Fundi: Historia ya Kuunganisha Seva ya Wavuti na Seva ya Java

Katika lugha ya watu wa kompyuta, neno "seva" hutumika kwa vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa: mashine inayokaa katika chumba chenye kiyoyozi, na programu inayoendeshwa ndani ya mashine hiyo ikingoja maombi kutoka mbali. Makala haya yanahusu seva kwa maana ya pili, na hasa seva za aina mbili ambazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimezoea kuwekwa pamoja, moja mbele na nyingine nyuma. Ya mbele ni seva ya wavuti, ambayo hupokea ombi la kivinjari na kumrudishia mtumiaji ukurasa alioutaka. Ya nyuma ni seva ya programu za Java, ambayo husoma hifadhidata, hukokotoa, na hutunga ukurasa mpya kwa kila anayeuliza. Kwa lugha ya nyumbani, ya kwanza ni bawabu na ya pili ni fundi aliye chumba cha ndani. Mpangilio huo ulizaliwa na udhaifu wa vyombo vya wakati wake, na ingawa sehemu kubwa ya udhaifu huo ilikwisha kuondoka, mpangilio wenyewe haukuondoka, wala halikuondoka agano la kimyakimya lililoufanya uwezekane, yaani kwamba fundi huamini kila neno analoletewa na bawabu.

Agano hilo ni la kale kuliko Java. Seva ya kwanza ya wavuti, aliyoiandika Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN karibu na Geneva mwaka 1990, ilikuwa kwa kiasi kikubwa mtunza makabati: ilitafuta faili lililoombwa na kulituma jinsi lilivyo. Mwaka 1993, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Rob McCool aliandika seva iliyopendwa zaidi na waliokuwa wakiingia kwenye wavuti wakati huo, na katika mwaka huohuo waandishi wa seva za wavuti wakakubaliana juu ya kanuni iliyoitwa CGI. Kwa kanuni hiyo, seva ilipopokea ombi lisilojibika kwa faili tupu, iliianzisha programu nyingine, ikaikabidhi maelezo ya ombi kwa njia ya vigeu vya mazingira, ambavyo ni majina yenye thamani ambayo mfumo endeshi huupa kila mchakato unaozaliwa, kisha ikasubiri programu hiyo iandike jibu na kufa. Kigeu kimoja, REMOTE_ADDR, kilibeba anwani ya mtumiaji. Kingine, REMOTE_USER, kilibeba jina la mtu ambaye seva ilikwisha kumhakiki. Programu haikuwa na namna ya kuthibitisha lolote kati ya hayo, na haikuhitaji, kwa sababu aliyeiambia ndiye aliyeizaa.

Gharama ya CGI ilikuwa katika kuzaa na kuzika, kwa kuwa kila ombi lilidai mchakato mpya wenye kumbukumbu yake, na tovuti yenye wageni wengi ilitumia nguvu nyingi kuanzisha programu kuliko kuziendesha. Hali hiyo ilivumilika kwa programu fupi za Perl au C. Kwa Java isingevumilika, kama itakavyoonekana.

McCool alipoondoka NCSA katikati ya mwaka 1994, seva yake ilibaki bila mlezi, na wasimamizi wa tovuti waliokuwa wakiitegemea wakaanza kubadilishana viraka vya msimbo kwa barua pepe. Mnamo Februari 1995 wanane kati yao, wakiwemo Brian Behlendorf na Roy Fielding, waliunda kundi lililokuja kuitwa Apache. Toleo la kwanza la hadhara lilitoka Aprili mwaka huo na toleo 1.0 likatoka Desemba. Jambo lenye uzito zaidi kwa historia hii ni kwamba Robert Thau aliupanga upya mwili wa seva hiyo katika moduli, yaani vipande vya msimbo vinavyoweza kuchomekwa au kuondolewa bila kugusa kiini, na kila moduli ilipewa nafasi ya kudaka ombi katika hatua fulani ya safari yake. Ni mlango huo wa moduli ambao Java ilipitia baadaye. Thau pia aliifanya Apache itangulize kuzaa michakato mingi ya watoto, kila mmoja ukingoja zamu ya ombi moja, utaratibu ulioipa uimara mkubwa, kwa kuwa mtoto mmoja akianguka wengine huendelea. Utaratibu huohuo ndio ulioifungia Java nje ya nyumba.

Java yenyewe ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems Mei 1995, ikiwa ni matunda ya kazi ya James Gosling na wenzake, na kwanza ilijulikana kama lugha ya vibonzo vinavyocheza ndani ya kivinjari. Sun haikuchelewa kuona kwamba lugha hiyo ingefaa pia upande wa pili wa waya. Ndani ya mradi wa seva yake, Pavni Diwanji alitengeneza umbo la kwanza la kile kilichoitwa sevleti, kipande cha programu ya Java kinachokaa ndani ya seva, kikipokea ombi na kutunga jibu. Maelezo rasmi ya sevleti yalitolewa mwaka 1997. Tofauti yake na CGI ilikuwa katika maisha: sevleti huzaliwa mara moja na kubaki hai, na maombi mengi huipitia kwa wakati mmoja kwa njia ya nyuzi, ambazo ni mikondo ya utendaji inayogawana kumbukumbu moja ndani ya mchakato mmoja. Kwa sababu kumbukumbu ni moja, sevleti iliweza kukumbuka kwamba mteja fulani ameingia na kuweka bidhaa tatu kwenye kikapu, hali ya ukumbusho inayoitwa kikao, ambayo wavuti kwa asili yake hauijui.

Ikumbukwe kwamba programu ya Java haiendeshwi na mfumo endeshi moja kwa moja, bali na mashine pepe, programu kubwa inayotafsiri maagizo ya Java kwa lugha ya kompyuta iliyopo, na mashine hiyo katika miaka ya 1990 ilichukua sekunde kadhaa kuamka. Kuiamsha kwa kila ombi, kwa mtindo wa CGI, kungekuwa mzaha. Kuiweka ndani ya Apache kama moduli nako hakukuwezekana kwa namna yenye maana, kwa kuwa Apache ya wakati huo ilikuwa na makumi ya michakato ya watoto: kila mtoto angehitaji mashine pepe yake, kumbukumbu ya kompyuta ingemezwa, na mteja aliyeweka bidhaa kikapuni kwa mtoto wa tatu angekuta kikapu kitupu akipokewa na mtoto wa kumi na saba. Java ilitaka mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi. Apache ilikuwa michakato mingi yenye uzi mmoja mmoja. Njia iliyobaki ilikuwa kuwaweka wawili hao katika nyumba mbili na kuwapa waya wa kuongea.

Swali la kwa nini Java isikae mlangoni peke yake lilikuwa na majibu matatu, na moja kati yao ni la ajabu kidogo. Java ya wakati huo ilikuwa nzito kutuma mafaili tulivu kama picha, na ilikuwa nzito zaidi katika hesabu za usimbaji fiche. Hayo mawili yanaeleweka. La tatu linatokana na desturi ya Unix. Kila huduma ya mtandao husikiliza kwenye namba inayoitwa poti, na wavuti hutumia poti 80, au 443 ikiwa mazungumzo yamesimbwa; lakini Unix ilikwisha kuamua zamani kwamba poti zilizo chini ya 1024 zifunguliwe na msimamizi mkuu wa mashine tu. Apache iliandikwa kwa C na ilijua hila ya kufungua poti ikiwa na mamlaka ya msimamizi, kisha kuyavua mamlaka hayo kabla ya kumhudumia mgeni wa kwanza. Mashine pepe ya Java, iliyotengenezwa ili ifanane kwenye kila mfumo endeshi, haikuwa na neno katika lugha yake la kuvua mamlaka ya Unix. Aliyetaka Java isikilize poti 80 alilazimika ama kuiacha iendeshwe na mamlaka yote, jambo la hatari, ama kuisogeza kwenye namba ya juu kama 8080 na kumweka mwingine mlangoni. Namba hiyo ya 8080, ambayo wanafunzi wengi wa kompyuta huikuta katika somo la kwanza bila kuelezwa asili yake, ni kovu la kanuni hiyo ya Unix.

Waliojenga waya wa kwanza wenye kutumika sana walikuwa watu wa mradi wa Java Apache, waliotoa Apache JServ mwishoni mwa miaka ya 1990. JServ ilikuwa na nusu mbili: injini ya sevleti iliyoandikwa kwa Java, na mod_jserv, moduli ya C iliyochomekwa ndani ya Apache. Kati yao palipita itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, iliyopewa jina la AJP, kifupi kinachobeba majina ya Apache na JServ. Wakati huohuo, ndani ya Sun, James Duncan Davidson alikuwa ameandika utekelezaji wa mfano wa sevleti, programu ya kuonyesha kwamba maelezo rasmi yanatekelezeka, na mwaka 1999 Sun ilikubali kuukabidhi msimbo huo kwa Apache Software Foundation, taasisi iliyoundwa mwaka huohuo. Mradi uliopokea zawadi hiyo uliitwa Jakarta, jina la chumba cha mikutano cha Sun ambamo mazungumzo mengi yalifanyika, na msimbo wenyewe ukaitwa Tomcat, paka dume, kwa sababu Davidson alitaka mnyama anayejitegemea na pia alitarajia kuona mnyama huyo kwenye jalada la kitabu cha O'Reilly, nyumba ya uchapishaji inayopamba vitabu vyake vya kompyuta kwa michoro ya wanyama. Kitabu kilipotoka mwaka 2003, jaladani alikuwako chui wa theluji.

Wapenda istilahi husisitiza kwamba Tomcat si seva kamili ya programu za Java, kwa kuwa hubeba sevleti na kurasa zake tu, tofauti na WebLogic au WebSphere zilizobeba pia usimamizi wa miamala, foleni za ujumbe na mengineyo. Wana haki. Lakini WebLogic na WebSphere nazo ziliwekwa nyuma ya Apache kwa viunganishi vyao wenyewe, na JBoss, iliyoshindana nazo, ilimbeba Tomcat tumboni. Kwa hiyo anayeisoma historia ya kiunganishi cha Tomcat anaisoma kwa sehemu kubwa historia ya wote.

Tomcat 3, aliyechukua nafasi ya JServ, alirithi pia mod_jserv, na urithi huo haukumfaa. Moduli hiyo ilikuwa na utata mwingi wa JServ ambao Tomcat hakuuhitaji, iliijua Apache peke yake, na haikuweza kumwambia Tomcat kwa uhakika kama mteja alikuja kwa njia iliyosimbwa. Gal Shachor akaandika badala yake mod_jk, iliyojengwa juu ya maktaba inayoweza kuchomekwa pia kwenye seva za Microsoft na Netscape. Pamoja nayo likaja toleo la itifaki lililodumu kuliko yote, AJP 1.3, linaloandikwa kwa kawaida AJP13 na kusikiliza kwenye poti 8009.

AJP13 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake falsafa nzima ya mpangilio huu inasomeka. Ombi la wavuti huja kwa maandishi, na kuyasoma maandishi hayo neno kwa neno ni kazi. Bawabu akishaifanya mara moja, hakuna faida fundi kuirudia. Kwa hiyo AJP13 hulitafsiri ombi kuwa baiti zilizopangwa: pakiti inayotoka kwa seva ya wavuti huanza na baiti mbili, 12 na 34 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, na ile inayorudi kutoka kwa Tomcat huanza na herufi A na B; tendo la kuomba ukurasa, GET, huwa namba 2, na tendo la kutuma fomu, POST, huwa namba 4; vichwa vya ombi vinavyojirudia kila mara hupewa misimbo ya baiti mbili badala ya kuandikwa majina yao kamili. Pakiti kwa kawaida haizidi baiti 8,192. Muunganisho ukishafunguliwa hubaki wazi na kutumika tena kwa maombi yanayofuata, tofauti na AJP12, toleo lililoitangulia, iliyofungua waya mpya kila mara, ingawa kwa wakati mmoja muunganisho mmoja huhudumia ombi moja tu. Zaidi ya ombi lenyewe, bawabu huambatisha habari ambazo fundi hawezi kuziona kutoka chumba cha ndani: anwani halisi ya mteja, jina la mtumiaji aliyehakikiwa, aina ya usimbaji uliotumika, na hata sifa za ziada ambazo majina na thamani zake huwekwa kwa hiari ya anayetuma. Mtunzi wa itifaki aliyeshika nidhamu ya miaka hiyo aliona hayo kuwa ukarimu. Hakuna mahali katika itifaki hiyo ambapo fundi alilazimishwa kumwomba bawabu kitambulisho.

Msimamizi aliyetaka kuunganisha wawili hao aliandika mafaili mawili. La kwanza, workers.properties, lilitaja wafanyakazi, yaani nakala za Tomcat zinazopatikana, kila mmoja na anwani yake, poti yake na aina ya itifaki. La pili lilikuwa faili la usanidi la Apache, ambamo agizo la JkMount lilitaja njia zipi za tovuti zipelekwe kwa mfanyakazi yupi. Aliyeandika kwamba kila kilicho chini ya /duka/ kiende kwa Tomcat alikuwa amechora mpaka ndani ya nyumba yake, na mipaka ya namna hiyo ilizaa matatizo ambayo vitabu vya miaka hiyo viliyatumia kurasa nyingi. Ili picha zitumwe haraka, wengi waliipa Apache ruhusa ya kuyasoma mafaili ya programu ya Java moja kwa moja kutoka saraka yake, wakidhani wanapunguza mzigo. Ndani ya saraka hiyo, hata hivyo, mna chumba kinachoitwa WEB-INF, kinachotunza usanidi wa programu na aghalabu nywila za hifadhidata. Tomcat anajua kwa sheria ya sevleti kwamba chumba hicho hakifunguliwi kwa mgeni. Apache haijui sheria hiyo, na isipokatazwa kwa maandishi humkabidhi mgeni anachoomba.

Hatari nyingine ilitoka kwenye tafsiri iliyofanywa mara mbili. Herufi fulani katika anwani za wavuti huandikwa kwa alama ya asilimia na namba, na mod_jk kabla ya toleo 1.2.23 la mwaka 2007 ilizifumbua ndani ya Apache kisha ikampa Tomcat anwani iliyokwisha kufumbuliwa, ambaye naye aliifumbua tena. Mgeni mjanja aliyezificha nukta mbili za kurudi nyuma chini ya maficho mawili alimpita bawabu akiwa na sura moja na kufika kwa fundi akiwa na sura nyingine. Kasoro ya aina hiyo haikai ndani ya bawabu wala ndani ya fundi. Hukaa kwenye tofauti ya namna wanavyolisoma neno lilelile.

Faida iliyowafanya watu wavumilie usumbufu huo ilikuwa kugawanya mzigo. Bawabu mmoja aliweza kuwa na mafundi wanne nyuma yake, akampa kila mmoja sehemu ya wageni, na mmoja akizimika wengine wakaendelea. Lakini kikao cha mteja kilikaa kwenye kumbukumbu ya Tomcat mmoja, hivyo ilibidi mteja arudishwe kila mara kwa fundi aliyempokea kwanza. Suluhisho lilikuwa la werevu kwa urahisi wake: kila Tomcat alipewa jina kwa sifa inayoitwa jvmRoute, jina hilo likabandikwa baada ya nukta mwishoni mwa namba ya kikao iliyotunzwa kwenye kuki ya kivinjari, na mod_jk, ikiona namba inayoishia na jina la mfanyakazi fulani, ilimpelekea huyo. Jina likiandikwa kwa herufi kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine, wateja walipoteza vikapu vyao bila kosa lolote kuonekana kwenye kumbukumbu za seva.

Lilikuwapo pia tatizo la hesabu ambalo lilidhaniwa mara nyingi kuwa ugonjwa wa Java. Apache 1.3 iliruhusu kwa kawaida hadi watoto 256, na kila mtoto aliyewahi kumtumikia mgeni wa Java alishika muunganisho wake wa AJP hata alipokaa bure. Tomcat naye, kwa matoleo mengi, alikuwa na nyuzi 200, na kwa mtindo wa zamani wa kusoma mtandao kila muunganisho ulioachwa wazi uliufunga uzi mmoja. Watoto 256 hawaenei kwenye nyuzi 200. Seva iliyofanya kazi vizuri asubuhi iliganda mchana ingawa fundi hakuwa na kazi, kwa sababu viti vyote vya chumba cha ndani vilikaliwa na wajumbe waliosinzia. Na pale ambapo kizuizi cha usalama cha mtandao kiliikata miunganisho iliyonyamaza muda mrefu bila kuziarifu pande zote mbili, bawabu aliongea na waya uliokufa, hata ikabidi itifaki iongezewe ujumbe mfupi wa kuuliza kama fundi yu hai kabla ya kumtumia kazi.

Majaribio ya kuibadilisha mod_jk hayakufika mbali. Tomcat 4, aliyeandikwa upya chini ya Craig McClanahan na kutolewa mwaka 2001, alikuja na mod_webapp, ambayo iliahidi kwamba bawabu angejifunza mipaka kutoka kwa fundi mwenyewe badala ya kuandikiwa, na wazo hilo lilikuwa zuri kuliko utekelezaji wake. Mod_jk2, jaribio jingine la namna hiyo, iliachwa rasmi Novemba 2004, na mazuri yake yakarudishwa kwenye mod_jk ya zamani. Kilichofanikiwa ni kuingiza AJP ndani ya Apache yenyewe: toleo 2.2 la Desemba 2005 lilikuja na mod_proxy_ajp, na msimamizi hakuhitaji tena kukusanya na kukompaili moduli ya nje, bali mstari mmoja wa ProxyPass ulitosha.

Mstari huohuo, hata hivyo, uliweza kuandikwa ukianza na http badala ya ajp, na wengi wakauliza kwa nini wasifanye hivyo. Proksi, yaani seva inayopokea ombi kwa niaba ya nyingine, ilikuwamo ndani ya Apache tangu mwaka 1996, na kompyuta za mwaka 2005 hazikuhangaishwa na kusoma maandishi ya ombi mara mbili. Nginx, iliyoanza kuandikwa na Igor Sysoev mwaka 2002 na kutolewa kwa umma mwaka 2004, ilihudumia maelfu ya miunganisho kwa michakato michache, na haikubeba AJP katika kiini chake. Kila tovuti iliyohama kutoka Apache kwenda nginx iliiacha itifaki hiyo njiani. Java nayo ilibadilika: toleo 1.4 la mwaka 2002 liliipa uwezo wa kuusikiliza mtandao bila kufunga uzi mmoja kwa kila muunganisho, na kuanzia Tomcat 8 njia hiyo ikawa ya kawaida. Bawabu aliendelea kuajiriwa kwa kazi mpya ya kushika vyeti vya usimbaji, hasa baada ya Let's Encrypt kuanza kuvitoa bure mwishoni mwa mwaka 2015, kwa kuwa zana zake za kuvihuisha ziliielewa Apache na nginx kuliko zilivyolielewa kabati la funguo la Java. Alipotumia HTTP tupu kuongea na fundi, habari zilizokuwa zikisafiri ndani ya pakiti za AJP zilihamia kwenye vichwa vya ombi kama X-Forwarded-For, ambavyo mgeni yeyote anaweza kuviandika mwenyewe bawabu asipovifuta. Agano lilikuwa lilelile kwa mwandiko mwingine.

Afrika Mashariki iliupokea mpangilio huu kwa njia ya hospitali zaidi kuliko ya maduka. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa uliobuniwa kuanzia mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich kwa ajili ya mpango wa AMPATH mjini Eldoret, ulianza kutumika huko mwaka 2006 na kufika Rwinkwavu nchini Rwanda mwaka huohuo. Uliandikwa kwa Java, ukaendeshwa ndani ya Tomcat, na anwani yake ya kawaida ilikuwa na 8080 ndani yake, kwa kuwa ndani ya mtandao wa hospitali moja fundi aliweza kufungua mlango mwenyewe. Hali ilibadilika pale mfumo mmoja ulipotakiwa kuhudumia nchi nzima. Nyaya za kioo zilipofika pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 2009, taarifa za zahanati ziliweza kuingizwa moja kwa moja kwenye seva ya mbali, na mwaka 2011 Kenya ilieneza nchi nzima DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo. Uganda, Rwanda na Tanzania zikafuata. DHIS2 nao ni wa Java ndani ya Tomcat, na miongozo yake iliwaelekeza wasimamizi waweke nginx au Apache mbele ili mazungumzo yasimbwe. Kizazi cha mafundi wa wizara za afya katika ukanda huu kilijifunza maana ya proksi kwa kuuandika usanidi huo.

Februari 2020 agano la bawabu na fundi lilidaiwa kwa ukali. Watafiti wa kampuni ya Kichina ya Chaitin Tech walitangaza kasoro waliyoiita Ghostcat, paka wa kizuka, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2020-1938. Kwa miaka mingi Tomcat alikuwa akifunguliwa akiwa na kiunganishi cha AJP kilichokwisha kuwashwa, kikisikiliza poti 8009 kwenye kila anwani ya mashine, awe na bawabu au asiwe naye. Aliyeifikia poti hiyo hakuhitaji kuwa Apache. Alihitaji tu kuongea kama Apache. Akitumia zile sifa za ziada zilizowekwa kwa hiari ya mtumaji, aliweza kumshawishi Tomcat kwamba ombi limekwisha kupita hatua za awali na sasa linataka faili fulani kutoka ndani, na Tomcat alilitoa, hata likiwa ndani ya WEB-INF. Pale ambapo programu iliruhusu wageni kupakia mafaili, faili lililopakiwa liliweza kuendeshwa kama msimbo. Apache iliyokuwa ikikifungua chumba hicho kwa kutojua sheria ilikuwa imepata mwenzake: safari hii aliyekifungua ni yule anayeijua sheria, kwa kuwa aliambiwa na sauti aliyoizoea.

Ni vigumu kumlaumu aliyeitunga AJP13. Katika chumba cha mashine cha mwaka 2000, waya kati ya Apache na Tomcat ulikuwa wa mita chache au haukuwapo kabisa, na kudai kitambulisho ndani ya waya huo kungeonekana kama kumwomba jamaa wa nyumbani pasi ya kusafiria. Lawama, kama ipo, inaelekea kwa desturi ya kuwasha kiunganishi ambacho hakikuombwa, hata kwa watu ambao hawakuwahi kusikia jina la AJP.

Marekebisho yalitolewa katika matoleo 7.0.100, 8.5.51 na 9.0.31. Kiunganishi hakikuwashwa tena chenyewe, na aliyekiwasha alitakiwa kuweka neno la siri ambalo bawabu sharti alitaje. Mod_jk ilikuwa na nafasi ya neno hilo tangu zamani, lakini mod_proxy_ajp ilikosa nafasi hiyo hadi matoleo ya Apache 2.4 yaliyotoka baadaye mwaka huohuo, na waliosasisha upande mmoja tu walikuta tovuti zao zimefungwa na tiba. Wakati huo programu nyingi mpya za Java zilikuwa zimekwisha kuacha desturi ya zamani, kwa kuwa Spring Boot, tangu mwaka 2014, iliwazoesha waandishi kumfunga Tomcat ndani ya programu yao wenyewe na kuongea HTTP moja kwa moja na chochote kilichowekwa mbele. Kwa anayempakua Tomcat peke yake, mistari ya AJP bado imo ndani ya faili la server.xml, imezungushiwa alama za maoni ili isisomwe, poti ni ileile 8009, na anwani iliyoandikwa kando yake ni ile ambayo mashine huitumia kuongea na nafsi yake.